Nyanya zinanyauka zikiwa kijani kabisa, nimepiga dawa tatu na bado. Nairobi hii nani huangalia mimea?

mama_pacha_waithaka

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kabla sijang'oa kila kitu nipande nyasi. Niko Waithaka, nyuma ya nyumba niko na kashamba, ukubwa ka sebule mbili hivi, udongo mwekundu, na hapo ndio natoa sukuma, managu (mnavu), dania na nyanya za nyumbani. Nyanya ni mistari mitatu, miche arubaini na kitu, nilinunua kwa wale watu wa miche kando ya barabara. Zilishika vizuri sana zikatoa maua, zingine zikaanza kuweka matunda saizi ya gololi, yaani hadi jirani alikuwa anasimama kwa ua ananiuliza naweka nini.

Sasa wiki tatu zimepita, siku moja ka saa nane mchana naona mche mmoja majani ya juu yamelegea, kama mtu amechomwa na jua akachoka. Nikamwagia maji. Jioni ukasimama, nikasema ilikuwa kiu. Kesho yake mchana chini tena, jioni ukajaribu kuinuka, siku ya nne haukuamka. Kitu kimenishangaza ni kwamba majani hayakuwa ya njano, hayana madoa, hayajatobolewa, ni kijani tu lakini yamelala. Alafu ukafuata jirani yake, na mwingine, saa hii ni miche kumi na moja.

Nikaenda agroveti, sitasema gani. Kijana wa pale hakuniuliza hata swali moja, nilimuonyesha picha kwa simu akaangalia sekunde mbili, "hiyo ni blaiti mama", akanitolea dawa ya ukungu. Wiki nzima hakuna kitu. Nikarudi, akasema basi ni wadudu wa chini, chupa ingine. Nikarudi tena, akasema mimea imekosa nguvu, akanipa ile ya kupulizia majani. Jumla 2,350. Hizo nyanya zote zikizaa sidhani zitanirudishia hiyo pesa.

Swali langu si dawa gani, dawa nimechoka nazo. Swali ni, mtu wa kawaida asiye na ekari kumi anapeleka wapi mmea mgonjwa aonyeshe mtu anayejua? Ng'ombe akiugua naita daktari. Watoto wakiugua najua pa kwenda. Nyanya je?

kijana_wa_roysa

Mamake pacha pole. Lakini siku hizi mambo ni kwa simu, kuna apu kibao unapiga picha ya jani inakuambia ugonjwa na dawa yake hapo hapo. Weka picha hapa nikujaribie.

mama_pacha_waithaka

Nimeweka tatu hapo juu, jaribu.

kijana_wa_roysa

Aki msinicheke 😂 ya kwanza imesema ni blaiti. Ya pili, ambayo ni mche huo huo, imesema upungufu wa naitrojeni. Ya tatu imesema huu ni mti wa pilipili na uko salama salimini.

jembe_butu

Hizo apu ni za wazungu wa kukaa ndani. Chukua jivu la jikoni, sabuni ya unga vijiko viwili na pilipili kichaa iliyosagwa, chemsha acha ilale usiku, asubuhi piga. Mimi sukuma zangu zilikuwa nyeusi kwa vidukari, nilipiga mara mbili zikapona. Dawa za dukani ni sumu tunakula.

bwana_shamba_mstaafu

Jembe, hiyo yako kwa vidukari sikatai, sabuni ikiwagusa inawaua, ingawa ukizidisha unachoma majani. Lakini huyu mama hajasema ana vidukari. Tusiwe kama yule kijana wa agroveti.

Mama, habari ya jioni. Nilifanya kazi ya kilimo miaka mingi, saa hii nafuga kuku tu na kusumbua wajukuu. Picha zako nimeziangalia, ni nzuri, lakini zote ni za majani, na mimi nashuku shida yako haiko kwa majani. Kabla sijasema kitu, nijibu haya bila haraka.

Miche iliyoanguka iko pamoja, au imetawanyika huku mmoja kule mmoja? Kashamba kako kana mteremko? Maji unamwagilia vipi, na maji yakizidi yanaelekea wapi? Kabla ya nyanya hapo palikuwa na nini, na kabla ya hicho? Mbolea ulitoa wapi? Na uking'oa mche ulioanguka, mizizi iko aje, ina vinundu kama shanga au ni laini? Ukipasua shina karibu na mchanga, ndani ni jeupe au ni kahawia?

Najua ni maswali mengi. Nikikuwa kazini mkulima alikuwa ananiletea jani moja amelifunga kwa leso, ananiambia "bwana shamba huu ugonjwa ni gani", na mimi namwambia twende kwako, kwa sababu jani halikumbuki kilichopandwa hapo mwaka jana.

mama_pacha_waithaka

Shikamoo mzee wangu, asante kwa kunijibu kama binadamu.

Nimetoka nje na tochi saa hii. Iliyoanguka iko pamoja, imeanza juu karibu na tangi, inashuka na mstari wa kati. Ndio kuna mteremko kidogo, tangi likijaa maji yanafurika yanapita hapo katikati, nilikuwa nimechimba kamtaro yasisimame. Mstari wa kulia kwa ua haujaguswa hata mche mmoja. Mizizi nimeng'oa mmoja, iko laini haina shanga, imeanza kuwa na rangi ya chai. Shina nimepasua na kisu cha jikoni, ndani kuna kamviringo ka kahawia. Mbolea ni yangu mwenyewe, ile taka za jikoni naoza kwa shimo.

Kabla ya nyanya palikuwa na waru, yaani viazi. Kabla ya waru sukuma.

bwana_shamba_mstaafu

Waru mbegu ulitoa wapi?

mama_pacha_waithaka

Hehe mzee utanicheka. Zilikuwa za kula, nilinunua sokoni nusu gunia zikakaa sana zikachipua macho, nikaona kuliko nitupe, nikakata kata nikapanda.

bwana_shamba_mstaafu

Sicheki, nusu ya Kenya hufanya hivyo. Ulipovuna, kuna zilizooza? Kuna zilizokuwa na udongo umegandia kwa macho hata ukiosha hautoki vizuri?

mama_pacha_waithaka

Mzee umejuaje?? Ziko. Kama robo hivi. Mchanga uko kwa macho umeshika kama umewekwa gundi, na ukikata kuna duara ndani linatoa maji meupe ya kunata. Nilimenya zile nzuri, mbaya na maganda nikatupa shimoni.

Shimo la mbolea 🙆🏾‍♀️

njoo_ruai

Samahani kuingilia, mimi nina mlimau kwa ndoo, majani yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi ya jiko na yananata, ni ugonjwa huo huo??

shosh_wa_ndonyo

Ruai hapana huo si huo. Geuza jani uangalie chini, utapata vidukari au vile vidude vimekaa kama magamba havitembei. Hivyo vinakojoa sukari, ukungu mweusi unaota juu ya sukari. Na utaona sisimizi ama chungu wanapanda na kushuka, hao ndio wachungaji wake, wanavilinda kwa sababu wanakula hiyo sukari. Osha majani na maji ya sabuni kidogo, pangusa na kitambaa, alafu zuia chungu wasipande, mimi nimezungushia shina kitambaa nikakipaka grisi. Masizi yatatoka yenyewe. Rudi useme.

njoo_ruai

Nimegeuza. Magamba. Na chungu. Shosh we ni noma, asante.

bwana_shamba_mstaafu

Mama pacha, turudi kwako. Sitaki kukuambia jina la ugonjwa kwa kukisia, fanya jaribio moja, halina gharama. Kesho mchana chagua mche ambao umeanza kulegea leo au jana, usichukue uliokufa, maiti haina habari. Kata shina hapo chini karibu na mchanga, kipande cha urefu wa vidole vitatu vilivyopangwa pamoja. Chukua glasi isiyo na maua, inayoonyesha, jaza maji safi, iache itulie kabisa. Alafu kining'inize hicho kipande kwa uzi au kibanio cha nguo, ncha ya chini iguse maji tu, na usiitikise glasi. Weka kitu cheusi nyuma yake. Kaa hapo dakika tano mpaka kumi.

Ukiona uzi mweupe unashuka kutoka kwa shina kama maziwa ama moshi wa sigara uliogeuzwa, hiyo ni bakteria, mnyauko bakteria. Usipoona kitu na ndani ni kahawia, hapo tutafikiria ukungu wa udongoni, ule wa fusari, ambao kwa kawaida majani ya chini yanakuwa njano kwanza, mara nyingi upande mmoja tu wa mmea. Yako yamelala kijani, ndio maana nashuku maziwa.

Na tafadhali, hicho kisu usikate nacho nyanya nyingine kabla hujakiosha na jiki.

maabara_tu

Mzee amemaliza. Mimi nafanya kazi ya maabara, si hapa Nairobi tena lakini nilisomea hapo, wacha nijibu lile swali la kwanza la mama la wapi maana watu wengi huwa hawajui na wako karibu kabisa.

Ukiwa Waithaka wewe una bahati, KALRO Kabete, wale wa utafiti wa kilimo wa serikali, iko hapo Waiyaki Way, wanapima udongo, na huko ndiko ungeenda kama shida ni mimea yote kuwa dhaifu sawa sawa. Ya magonjwa, Chuo Kikuu cha Nairobi kampasi ya Upper Kabete kina idara ya kulinda mazao, hao wanaweza kuotesha bakteria kutoka kwa shina lako na kukuambia jina bila kubahatisha. Ukiwa na mdudu ambaye hujawahi kumuona maishani, icipe wako Kasarani, wadudu ndio kazi yao tangu 1970. KEPHIS wako Karen, hao kazi yao kubwa ni mbegu na kuzuia magonjwa yasiingie nchini, lakini kitu kigeni kikitokea ni wao wa kuambiwa. Piga simu kwanza kabla ya kwenda, uliza kama wanapokea mtu binafsi na ni pesa ngapi, usifike na gunia mlangoni.

Alafu kuna maafisa wa kilimo wa kaunti, na watu husahau Nairobi nayo ni kaunti, tangu ugatuzi wa 2013 kilimo kiko kwao. Uliza ofisi ya kaunti ndogo yako, kwako itakuwa Dagoretti. Hata sheria ya kilimo cha mjini Nairobi wanayo, ya 2015. Wako wachache na pikipiki haina mafuta kila siku lakini wapo, na hawalipishi kukushauri.

Ukitoka nje ya jiji kuna kliniki za mimea, zile za CABI, shirika la kimataifa la kilimo, na serikali, meza sokoni siku ya soko, mtu anakuja na mmea wake mgonjwa anaandikiwa karatasi ya ushauri kama ya hospitali. Kiambu ziko, Machakos ziko. Bure.

Sasa sampuli, hapa ndio watu hutuua maabara. Mtu analeta jani limekauka kama biri amelifunga kwa karatasi ya nailoni ndani ya gari tangu Ijumaa, Jumatatu limeoza, sasa mimi nione nini? Leta mche mzima, ambao umeanza kuugua lakini bado uko hai. Chimba, usivute, maana mizizi myembamba inabaki chini na hiyo ndio tunataka. Mizizi iache na udongo wake, ifunge peke yake, udongo usirukie majani. Majani yafunge na gazeti kavu, si nailoni, na zile za kubebea zimepigwa marufuku tangu 2017 hata hivyo. Leta na mche mmoja mzima usio mgonjwa tulinganishe, hakuna mtu hukumbuka hii. Na uje Jumatatu ama Jumanne, usije Ijumaa saa kumi.

kijana_wa_roysa

Kwa hivyo apu hazina maana kabisa? Naulizia rafiki.

maabara_tu

Mwambie rafiki hapana, zina kazi yake. Ile ya Nuru kwa mfano ilifundishwa mihogo na viwavijeshi na hapo inafanya kazi hata bila bando, na ni Kiswahili. Shida ni kuiuliza kitu isichofundishwa. Pia picha, ukipiga za kuonyesha mtu, piga shamba lote kwanza ukiwa umesimama mbali, alafu mche mzima, alafu jani juu, jani chini, na weka shilingi kando yake tujue ukubwa. Watu hupiga doa moja tu limejaza skrini, sijui ni doa la jani au ramani ya Turkana.

jembe_butu

Mimi bado nasema jivu.

mama_pacha_waithaka

Nimerudi. Wapendwa.

Nilifanya saa saba na nusu, pacha wangu wote wawili wamekaa kwa kiti wanaangalia kama ni TV. Glasi ya wageni, nyuma nimeweka ile sufuria iliyoungua. Nimefunga kipande na uzi wa kushonea kwa mwiko, mwiko juu ya glasi. Dakika ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, mdogo akaanza kulia anataka kurudi kucheza. Nikataka kuinuka. Alafu mkubwa akasema "mami inatoka moshi".

Ilikuwa inatoka kweli. Nyuzi mbili, nyeupe, nyembamba kuliko uzi wenyewe, zinashuka polepole zinajikunja, zinafika chini zinalala. Baada ya muda maji yote ya chini yakawa kama nimeoshea mchele. Nilikaa hapo nikiangalia nikajisikia vibaya kidogo maana nimekuwa nikilisha hiyo kitu maji kila jioni.

Nikafanya na mche wa mstari wa kulia, ule mzima. Nilikata tawi tu. Maji safi kabisa, dakika kumi na tano.

Kwa hivyo mzee ni hiyo. Dawa ni gani?

bwana_shamba_mstaafu

Pole mama, na hongera kwa kujaribu na ule mzima, wengi huwa hawafanyi.

Dawa hakuna. Nitakuambia wazi kwa sababu kesho utapata mtu wa kukuuzia. Bakteria iko ndani ya mirija ya kupandisha maji, imeiziba, ndio maana mmea unakufa kiu ukiwa umesimama kwa maji. Hakuna kitu unapulizia juu ya jani kikafika huko kikaiua. Dawa ya ukungu inaua ukungu, na hii si ukungu. Ya wadudu haikuwa na mdudu wa kuua. Ile ya nguvu sitaki hata kuisema, mgonjwa aliyezibwa koo unampelekea pilau.

Imeingia kwako na waru. Viazi vya sokoni vinaweza kubeba bakteria hii bila kuonyesha chochote, unakula hakuna neno, lakini ukivipanda umeipanda. Na watu hudhani ni ugonjwa wa joto tu, hapana, kuna aina yake imezoea baridi ya nyanda za juu na inapenda viazi haswa. Ikabaki kwa udongo, ukaiongeza na maganda shimoni, ukarudisha mbolea kwa nyanya, na maji ya tangi yakaisukuma kufuata mtaro. Ndio maana mstari wa kulia uko juu ya mtaro na umepona. Miche ya barabarani naiondolea lawama, ingekuwa ni yao ingeanguka huku na huku mistari yote.

Cha kufanya. Chimba zote za mstari wa kati, hata zile unaona ni nzima, na mizizi, na usizikokote kupitia mstari wa kulia. Zianike kwa mabati zikauke uchome, ama uzike mbali na kina kirefu. Shimoni usipeleke. Maji ya tangi yageuze leo, hata kama ni bomba la futi tatu yaende kwa nyasi, hii ndio muhimu kuliko zote. Fanya kazi mstari wa kulia kwanza asubuhi, mstari mgonjwa mwisho, alafu osha jembe, kisu na viatu, ondoa udongo kwanza ndio upake jiki, maana jiki kwa matope haifanyi kitu. Mbolea ya lile shimo usiweke popote pa nyanya, wekea nyasi.

Hapo kati usipande nyanya, waru, pilipili, biringanya, hao wote ni ukoo mmoja. Miaka mitatu na zaidi, na hata hapo sikuahidi. Panda sukuma, vitunguu, mahindi, dania. Viazi vinavyojiotea vyenyewe ng'oa kila ukiviona, hivyo ndivyo vinaiweka hai. Na ukitaka nyanya sana, tumia magunia, na udongo utoke kwingine, na yasikae chini moja kwa moja.

mkulima_kikuyu_road

Nakubaliana na mzee, naongeza tu, mimi nilipoteza nyanya za nyumba ya plastiki zote kwa hii kitu, nilikuja kurudi na miche iliyounganishwa, unapata shina la chini ni la aina inayovumilia, juu ni nyanya ya kawaida. Ni ghali kiasi na si kila mtu anauza, lakini kwa udongo mgonjwa ilinifaa. Pia yule atakuuzia dawa ya kumwaga kwa shina muulize namba ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosajili dawa za mimea, iko wapi kwa chupa na lebo inasema inatibu nini. Mimi niliuliza mmoja akaniambia hiyo ni ya ndani ya duka.

jembe_butu

Sawa, jivu nimeliondoa kwa hii. Lakini kwa vidukari sitoki.

mama_pacha_waithaka

Jembe wewe 😂 asante nyote jameni. Maji nimeshageuza, mtoto wa jirani amenisaidia na bomba la zamani la gata. Mstari wa kati nimechimba wote, miche kumi na tisa, nimelia kidogo kwa zile zilikuwa na matunda. Jumatatu napeleka mmoja Upper Kabete na ule mzima pamoja, gazeti nimetenga, nataka nisikie jina kwa mdomo wa maabara alafu nirudi kwa kile kijana cha agroveti na glasi yangu.

Swali la mwisho mzee, na hili ni la dharura kuliko yote. Managu ziko kando kando ya mstari wa kati, zimestawi ajabu, na mama mkwe anakuja Jumapili na amesema anataka managu na si kitu kingine. Hii bakteria itamdhuru?

bwana_shamba_mstaafu

Bakteria hii haina shida na binadamu, hata na mama mkwe. Ingawa managu nayo ni ukoo ule ule wa nyanya, inaweza kuibeba ikionekana imenona, kwa hivyo ukishachuma ing'oe.

Lakini ulipokuwa ukipiga zile dawa mbili, upepo ulikuwa unaelekea wapi? Na ya mwisho ulipiga lini?

mama_pacha_waithaka

Ile ya wadudu Jumanne ya wiki iliyopita. Upepo sijui mzee, lakini nakumbuka managu zilikuwa zimelowa, nikasema hata hizo zipate kidogo.

bwana_shamba_mstaafu

Chukua chupa usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna, imeandikwa herufi ndogo upande wa nyuma. Uniambie ni ngapi, na kama managu imetajwa kwa lebo.

mama_pacha_waithaka

Inasema nyanya siku 14. Managu haijatajwa kabisa. Kutoka Jumanne ile mpaka Jumapili ni 12.

shosh_wa_ndonyo

Nunua sokoni mama. Kwa mtu unayemjua. Na usimwambie mama mkwe zimetoka wapi.